Ubingwa wa Thunder umeletwa na mikono ya wakabaji: mtazamo wangu kutoka mwisho wa reli

MwishoWaReli (mleta uzi, Kigoma)

Wakuu, habari za asubuhi ya leo, Juni 23, 2025. Naandika kutoka Kibirizi na sijalala tangu jana. Mchezo wa saba na wa mwisho wa fainali ya NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, umeanza saa tisa kamili usiku kwa saa zetu na umeisha kukiwa bado giza, maana huku Kigoma jua linachelewa kuchomoza kuliko Dar. Oklahoma City Thunder 103, Indiana Pacers 91. Oklahoma City ni bingwa, mara ya kwanza tangu timu ihamishwe kutoka Seattle mwaka 2008.

Nimepita kwenye magrupu ya WhatsApp na nakuta majina mawili tu. Shai Gilgeous-Alexander wa Thunder kwa sababu amefunga, Tyrese Haliburton wa Pacers kwa sababu ameumia. Wote wanastahili kutajwa. Ila mimi niliyekaa na timu hii hata ilipokuwa inafungwa kila wiki nina hoja yangu, na ndiyo imenileta hapa: kombe hili limeletwa na mikono. Thunder wanashinda wakipora mipira ya wenzao na kutunza ya kwao. Wanafungwa pale wanapoacha kazi hiyo na kusimama kumtazama Shai afanye maajabu.

Uzi ni mrefu, ambaye ana haraka ya kazini aje ausome jioni.

Wengi mnaniuliza Oklahoma City na Kigoma vimekutana wapi. Vimekutana kwa Hasheem Thabeet. Mwaka 2009 mtoto wa Dar es Salaam alichaguliwa na Memphis Grizzlies akiwa wa pili katika vijana wote waliokuwa wanaingia ligi mwaka ule. Aliyefuata, wa tatu, alikuwa James Harden, na aliyemchukua ni Oklahoma City. Hasheem alipita Houston na Portland, na mwaka 2012 akatua Thunder, timu iliyokuwa imetoka kufungwa na Miami Heat 4-1 kwenye fainali. Mimi nilikuwa kidato cha pili, bwenini. Picha yake niliikata kwenye gazeti nikaibandika kwa gundi upande wa ndani wa kifuniko cha tranka langu. Kila nikifungua kuchukua sabuni namuona Mtanzania amekaa benchi moja na Kevin Durant na Russell Westbrook. Dakika zake uwanjani zilikuwa chache na mwaka 2014 aliondoka. Picha ilibaki. Ukilifungua tranka hilo leo utaikuta imegeuka rangi ya chai.

Kilichofuata baada ya hapo kilikuwa kipimo. Mwaka 2016 tuliongoza 3-1 dhidi ya Golden State kwenye fainali ya kanda ya magharibi, tukapoteza mitatu mfululizo, na kiangazi kile kile Durant akahamia kwa hao hao waliotutoa. Mwaka 2019 Paul George akaenda Clippers na Westbrook akaenda Houston. Mashabiki wakahama timu. Msimu wa 2020-21 tulishinda mechi 22 tukafungwa 50. Uliofuata, 24 kwa 58.

Na kuna Desemba 2, 2021. Memphis 152, Oklahoma City 79. Tofauti ya pointi 73, kubwa kuliko zote katika historia ya NBA. Shai hakucheza siku ile, lakini kufungwa ni kufungwa. Na waliotufunga ni Memphis, wale wale waliomleta Hasheem kwenye ligi. Niliamka asubuhi, nikaona matokeo kwenye simu, nikadhani wamekosea kuandika. Nikaenda kufungua duka nikiwa nimevaa jezi ya bluu ya Thunder niliyoipata kwenye mtumba soko la Mwanga. Nilikuwa nimeshaivaa kabla sijasoma matokeo na sikuivua.

Sasa tazameni timu ilivyojengwa, maana hapo ndipo penye mikono. Kwa kumtoa George, meneja Sam Presti alipata Shai na rundo la nafasi za kuchagua vijana miaka ya mbele. Moja ya nafasi hizo ndiyo iliyokuja kumleta Jalen Williams, wa 12 mwaka 2022. Mwaka huo huo alimchagua Chet Holmgren, wa pili, akaumia mguu kabla ya ligi kuanza na kukosa msimu mzima. Luguentz Dort hakuchaguliwa na timu yoyote mwaka 2019. Alex Caruso naye hakuchaguliwa na yeyote, alizunguka sana, na mwaka 2024 Thunder walimtoa Josh Giddey ili wampate yeye kutoka Chicago. Giddey ni mpigaji pasi mzuri. Caruso ni mtu wa kukaba. Ukitaka kujua kocha Mark Daigneault na Presti walikuwa wanataka timu ya namna gani, anzia kwenye badilishano hilo.

Msimu huu wameshinda 68 na kufungwa 14. Wastani wa kuwazidi wapinzani ulikuwa pointi 12.9 kwa kila mechi, na hakuna timu iliyowahi kufika hapo. Rekodi ilikuwa ya Lakers wa 1971-72. Na wamefanya hivyo Chet akiwa amevunjika nyonga mwezi Novemba na kukaa nje hadi Februari, na senta mwingine (senta ni yule mrefu wa kukaa chini ya goli), Isaiah Hartenstein, akiwa ameanza msimu mkono umevunjika. Kuna siku walicheza bila senta hata mmoja. Timu inayotegemea kufunga tu ingeanguka hapo. Hawa walibaki wa kwanza kwa kukaba na wa kwanza kwa kuwapotezea wenzao mipira.

Siku ya Pasaka, saa mbili usiku, nilikaa na wanangu wawili tukaangalia mchezo wa kwanza wa mtoano. Mpinzani: Memphis. Tuliwafunga 131-80. Pointi 51. Sikupiga kelele. Nilikumbuka ile jezi na ile asubuhi ya Desemba, nikanyamaza tu.

Kwa mwenye kutaka kuona ninachokisema, atafute mchezo wa saba dhidi ya Denver, Mei 18, tulioshinda 125-93. Msimtazame mwenye mpira. Mtazameni Caruso. Amepewa amkabe Nikola Jokić, mtu mwenye urefu wa mita 2.11, na yeye hafiki mita mbili. Hapambani naye kifua kwa kifua akitaka kumsukuma. Anakaa mbele yake, kati ya Jokić na mpira, mkono mmoja umegusa nyonga kujua jamaa anaelekea wapi, mwingine uko juu hewani kwenye njia ya pasi. Pasi ikichelewa nusu sekunde, mkono umeshaipata. Ikiwahi, Chet au Hartenstein yuko nyuma anasubiri. Nilirudia kipande hicho mara sita.

Jioni huwa nafundisha watoto kikapu kwenye sakafu ya saruji ya shule moja huku kwetu. Ringi tulichomelea kwa nondo, nyavu hakuna. Tangu siku ile zoezi letu la kwanza limebadilika. Mtoto mmoja anakaa na mpira, mwenzake anamkaba mikono ikiwa wazi, na sheria ni moja: macho kiunoni kwa mwenzako, usitazame mpira. Mpira unadanganya, mabega yanadanganya, kiuno hakidanganyi. Anayegusa mpira kwa ncha za vidole tu anapata pointi, hata asipounyakua. Wiki ya kwanza walikuwa wanapigana vibao vya mikono. Wiki ya tatu nikaanza kusikia ule mlio mdogo, tap, tap, na mpira unabiringika kuelekea kwenye ukuta.

Fainali sasa. Mchezo wa tatu, alfajiri ya Juni 12, uliangukia mbalamwezi. Wenye kuujua uvuvi wa dagaa mnaelewa, mwezi ukikomaa taa haivuti kitu, mitumbwi inalala ufukweni. Kwa hiyo dukani kwangu tulijaa, televisheni ya inchi 32 na watu zaidi ya ishirini, wengine ndiyo mara yao ya kwanza kuangalia kikapu. Indiana walishinda 116-107. Aliyetuua ni T.J. McConnell kutoka benchi, mmoja wa wafupi kabisa uwanjani. Alipora mipira mitano, mingine pale pale Thunder walipokuwa wanaianzisha chini ya goli lao. Mzee mmoja mvuvi, hajui hata jina la timu, akasema: "Huyu mfupi anawaibia samaki wakiwa wameshaingia kapuni." Sijasikia mchambuzi aliyeueleza mchezo ule vizuri zaidi. Silaha yetu ilikuwa imeshikwa na wao.

Mchezo wa nne tuliponea. Thunder walifunga mitupo 3 tu ya pointi tatu mchezo mzima. Shai alimaliza na pointi 35, 15 kati ya hizo dakika za mwisho, na hakuwa na asisti hata moja, yaani pasi ya kumfungisha mwenzake. Tulishinda 111-104 na watu wakaimba jina lake. Mimi nililala na wasiwasi, kwa sababu ule ulikuwa ushindi wa mtu mmoja na wenzake wanne watazamaji. Mchezo wa tano ulinirudishia imani: Jalen Williams pointi 40, na Pacers walipokaribia hadi tofauti ya pointi 2 robo ya nne, Thunder waliwapora mpira baada ya mpira hadi wakakata tamaa. Wa sita ukaja kuonyesha ubaya wote. Thunder walipoteza mipira 21, Shai peke yake 8, tukafungwa 108-91.

Na usiku wa kuamkia leo, robo ya tatu. Tulienda mapumziko nyuma, 47 kwa 48. Tukarudi tukawafunga 34-20. Shai amemaliza na pointi 29 na asisti 12. Nasisitiza 12, kwa sababu mchezo wa nne alikuwa na sifuri. Chet amezuia mitupo mitano. Pacers wamepoteza mipira zaidi ya 20.

Hiyo ndiyo hoja yangu. Karibuni, anayepinga apinge kwa mchezo, atuonyeshe ni wapi.

---

Mgebuka (Kigoma)

Hongera sana mkuu, umeivumilia timu na timu imekulipa. Tranka hilo nadhani nalifahamu, tulikuwa bweni moja.

Lakini hoja yako ina tundu, na wewe mwenyewe umeliruka. Mchezo wa kwanza. Pacers walipoteza mipira zaidi ya 20 siku ile, nusu ya kwanza ndiyo kabisa walikuwa wanaigawa. Thunder waliongoza kwa pointi 15 robo ya nne. Halafu Haliburton akatupa ikiwa imebaki sekunde 0.3, wakafungwa 111-110. Pacers waliongoza kwa sekunde 0.3 tu mchezo mzima na wakashinda. Kama mikono ndiyo kombe, mbona siku ile mikono ilifanya kazi kuliko siku zote na tukapoteza?

---

MwishoWaReli

Mgebuka ndugu yangu, umenishika pazuri. Niliuacha mchezo ule kwa sababu unauma, na haikuwa haki kwa wasomaji.

Nikiutazama tena naona mambo mawili. Kwanza, mipira ile waliipora lakini hawakuifanyia kitu. Anapora, anakimbia, anakosa kwa karibu. Au anapora, anasimama, anasubiri Shai afike. Kupora ni nusu ya kazi, nusu nyingine ni zile sekunde nne zinazofuata. Kwa hiyo naisahihisha hoja yangu hapo juu: kombe limeletwa na mikono pamoja na miguu iliyokimbia baada ya mikono. Mchezo wa saba walivifanya vyote viwili. Ule wa kwanza kimoja tu.

La pili, kocha alibadilisha kikosi. Hartenstein alianza mtoano wote, fainali ilipofika Daigneault akamweka benchi na kumwanzisha Cason Wallace ili wawe wepesi zaidi. Timu iliyoshinda mechi 68 wewe unaibadilisha siku ya kwanza ya fainali? Alimrudisha Hartenstein mchezo wa nne na kati ya mechi nne zilizobaki tukashinda tatu. Daigneault nampenda, ni kocha aliyekua pamoja na vijana hawa tangu 2020, lakini lile halikuwa sahihi na nitalisema hata leo akiwa na kombe mkononi.

---

Isevya Tabora (Tabora)

Salaam kutoka Unyamwezini. Mimi ni wa Denver, na nilimwambia mleta mada tangu Mei kwamba atakayetutoa sisi atachukua kombe. Hongera yenu.

Ila tusemeane ukweli kama watani. Denver walimfukuza kocha wao, Michael Malone, msimu ukiwa umebakiza siku chache. David Adelman akaokota timu njiani, na bado tukawafikisha mchezo wa saba. Siku ya mchezo wenyewe Aaron Gordon alicheza na msuli wa paja umechanika. Huyo Caruso aliyemkaba Jokić vizuri, alikuwa anaachiwa amkabe kwa sababu wenzake Jokić hawakuwa na nguvu ya kumwadhibu mtu mwingine yeyote. Mikono sawa, lakini mikono hufanya kazi vizuri zaidi mwenzio akiwa hoi.

Na Shai. Kaka, yule kijana ana kipaji kikubwa, sikatai. Lakini akiguswa na upepo anaenda mstari wa mitupo huru. Inachosha kutazama.

---

Binti Bangwe (Kigoma)

Shikamooni kaka zangu. Mimi nimecheza netiboli miaka mingi kabla sijaingia kwenye kikapu, na nakubaliana na mleta uzi kwenye suala la kiuno. Kwenye netiboli tunafundishwa hivyo hivyo.

Nataka kumtaja mtu ambaye wote mmempita haraka: Dort. Ametajwa kwenye kikosi cha kwanza cha walinzi bora wa ligi nzima. Mtu ambaye hakuna timu iliyomtaka. Nilimtazama mchezo wa saba kwa makusudi, nikaacha kufuata mpira kabisa kwa dakika nzima. Anapigana na kila kizuizi anachowekewa, yaani mpinzani anayesimama kumzibia njia, hapiti nyuma yake, anapita kwenye ubavu wake kwa nguvu. Mtu wa namna hiyo ndiye anayemfanya mpinzani aupokee mpira mita mbili mbali na alipoutaka. Caruso anapata ile pasi kwa sababu Dort ameshamsogeza mtu.

Kuhusu Haliburton, mimi nililia. Alishafunga mitupo mitatu ya pointi tatu, pointi 9 ndani ya dakika chache, na mchezo wa tano alikuwa ameshaumia misuli ya mguu huo huo. Alipoanguka akawa anapiga sakafu kwa mkono. Ile sauti yake niliisikia vizuri kwa sababu nyumba nzima ilikuwa imelala.

---

KasuluYetu (Kasulu)

Wakuu tusizunguke. Haliburton asingeumia, leo tungekuwa tunasoma uzi wa mtu mwingine.

---

MwishoWaReli

Nianze na Tabora. Mtani wangu, la kocha na la Gordon ni kweli tupu na Denver walituonyesha udhaifu wetu kuliko timu yoyote. Mchezo wa kwanza tuliuongoza kisha Gordon huyo huyo akatufunga na mtupo wa pointi tatu sekunde za mwisho. Ila kwa Caruso nakukatalia. Kabla ya hapo tulimkaba Jokić kwa masenta na alitupiga. Kumwekea mtu mfupi mbele ni wazo, na wazo hilo lingefanya kazi hata Gordon akiwa mzima, kwa sababu lilikuwa linaukata mpira kabla haujafika.

Kwa mitupo huru, twende kwa haki. Msimu huu huu Giannis Antetokounmpo wa Milwaukee amepata mitupo huru mingi kuliko Shai kwa kila mechi. Shai anasimama ghafla, anayemkaba anamgonga kwa sababu hana breki kama zake. Ziko mara ambazo anautafuta mguso na mimi sizipendi, natamani aziache. Lakini mtu aliyekuwa mchezaji bora wa ligi, mfungaji wa kwanza kwa wastani wa pointi 32.7, na mchezaji bora wa fainali ndani ya msimu mmoja, jambo ambalo kabla yake walilifanya Kareem Abdul-Jabbar, Michael Jordan na Shaquille O'Neal tu, hawezi kuelezwa kwa filimbi za waamuzi.

Dada wa Bangwe, marahaba. Umeona ambacho mimi sikukiona. Nimerudi kutazama robo ya tatu asubuhi hii kwa macho yako na ni kweli, Dort anafungua mlango na Caruso anaingia. Nitalipeleka hilo kwa watoto leo.

Sasa Kasulu. Ndugu yangu, umeandika mstari mmoja lakini ndiyo hoja nzito kuliko zote na sitaki kuipita juu juu.

Haliburton alitoka robo ya kwanza bado haijaisha. Pacers waliendelea bila yeye na wakaenda mapumziko wakiongoza 48-47. Kwa hiyo anayesema mchezo uliisha pale alipoanguka hakuutazama. McConnell na Pascal Siakam na wenzao walipigana kishujaa, na niseme wazi, dukani kwangu kulikuwa na watu wa Thunder wanawapigia makofi Indiana.

Lakini ukija robo ya tatu unakutana na jambo linaloniumiza kulisema. Kilichowaangusha ni kupoteza mipira. Na ni nani kwenye timu ile ana mikono salama kuliko wote? Haliburton. Kazi yake kubwa, kabla hata ya ile mitupo ya sekunde za mwisho, ni kuupitisha mpira mahali penye mikono mingi bila kuguswa. Kwa maana hiyo Thunder walishinda kwa silaha yao hasa, na aliyekuwa na ngao ya silaha hiyo alikuwa amebebwa kwenda ndani. Angekuwepo, nadhani robo ile isingekuwa 34-20. Ingekuwa karibu. Nani angeshinda sijui, na mimi kama shabiki wa Thunder nalikubali kombe na ninambebea Haliburton huzuni kwa wakati mmoja. Moyoni vimekaa vyote viwili.

Nyongeza moja. Siku hiyo hiyo ya mchezo wa saba, saa chache kabla, habari zilitoka kwamba Durant anapelekwa Houston. Miaka tisa tangu aondoke kwetu. Niliisoma, nikaiweka simu chini nikaendelea kuwasha jenereta. Mwaka 2016 habari ya Durant iliniharibia kiangazi kizima.

---

Mzee wa Gungu (Kigoma)

Vijana, nimewasoma wote. Mimi nilianza kuangalia mpira huu enzi za Jordan kwa kanda za video, kwa hiyo niwaulize jambo moja tu. Miaka saba sasa, mabingwa saba tofauti. Toronto, Lakers, Milwaukee, Golden State, Denver, Boston, na sasa hawa wenu. Golden State wa 2018 ndio wa mwisho kulitetea kombe. Hawa watoto wataweza, au na wao wanapita?

---

MwishoWaReli

Shikamoo mzee wangu.

Umri uko upande wetu. Hakuna timu changa hivi iliyochukua ubingwa tangu Portland ya 1977. Shai amechukua kombe akiwa na miaka 26, Jalen na Chet ni wadogo zaidi, na Presti bado ana nafasi nyingi za kuchagua vijana.

Ninachokihofia ni viwili. Cha kwanza ni pesa. Shai, Jalen na Chet wote wanakaribia mikataba mikubwa, na sheria za ligi kwa sasa zinaibana sana timu yenye mishahara mizito. Tulishaliona hili. Oktoba 2012, miezi michache baada ya fainali, Harden alipelekwa Houston kwa sababu hawakukubaliana mshahara. Hasheem alikuwa ndiyo kwanza amefika. Tuliambiwa timu bado changa, fainali zitakuja nyingine, na ikachukua miaka 13.

Cha pili ni ule mchezo wa nne. Timu zitakaa kiangazi kizima zikitazama mitupo ile 3 ya pointi tatu. Zitajaa chini ya goli, zitamwachia Dort na Caruso watupe, na zitatunza mpira kama yai ili zisiporwe. Ukiwanyima Thunder mipira ya kupora, wanabaki na Shai dhidi ya watu watano. Dawa ni Jalen kushika mpira zaidi na Chet kutupa bila kusitasita. Nikiviona hivyo viwili mwezi wa kumi, mzee wangu, nitakujibu kwamba wanalitetea.

Naacha kidogo hapa, mitumbwi imeanza kuingia. Hizi ni siku za giza, wote walikuwa ziwani usiku, kwa hiyo yule mzee wa kapu la samaki hajui bado kama tumeshinda. Naenda kumpokea.

---

Binti Bangwe

Kaka, kabla hujaenda. Zoezi la kiuno leo saa ngapi? Ninao wasichana wanane wa netiboli hapa, wanataka kujaribu.

---

MwishoWaReli

Saa kumi na nusu, sakafu ikishapoa. Mpira tunao mmoja, na mmoja nitauazima Mwanga. Waje na viatu vya raba, saruji ile inachuna.